Risala ya Majirani wa Mazimbu kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kumkumbuka Solomon Mahlangu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa, viongozi wa dini, wazee wetu, walimu na wanafunzi, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Kwa heshima na taadhima, kikundi chetu cha kutunza kumbukumbu kinakukaribisha Mazimbu, Morogoro. Tunatambua uzito wa majukumu yako. Miaka iliyopita wapo walioalikwa wakatuma wawakilishi, na wawakilishi nao wakatuma salamu. Wewe umekuja mwenyewe na umewahi. Ahsante sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, historia ya hapa ni ndefu na ratiba inatubana, kwa hiyo tutaipitia haraka. Juni 16, 1976 wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, waliandamana kukataa kufundishwa kwa Kiafrikaans, katika mfumo wa elimu ambao sheria ya makaburu ya mwaka 1953 iliupanga makusudi uwe duni kwa mtoto mweusi. Polisi wakawamiminia risasi, na vijana wengi wakavuka mipaka kuikimbia nchi yao. Mwaka 1977 Serikali ya Tanzania ikakipa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, shamba la mkonge lililokuwa limetelekezwa hapa Mazimbu, ili vijana hao wapate pa kusomea. Shule ikapewa jina la Solomon Mahlangu wa Mamelodi, mpiganaji wa ANC aliyenyongwa Pretoria Aprili 6, 1979 kwa kesi ya mauaji akiwa na umri wa miaka 22, ingawa risasi zilizoua hakuzifyatua yeye. Masomo yalianza 1978, na kiongozi wa ANC, Oliver Tambo, akaja kuifungua shule rasmi 1985. Palikuwa na chekechea, shule ya msingi, hospitali, mashamba na kiwanda cha samani. Mwaka 1992 ANC ikakabidhi kila kitu kwa Serikali yetu, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Waliofia ugenini bila kuiona tena Afrika Kusini wamelala kwenye makaburi ya hapahapa.

Hayo yamo vitabuni. Ambayo hayamo ni ya wazee walioketi mbele yako. Hao ndio waliochanganya zege la majengo yale, wakapika, wakalima na kulinda. Wapo waliooana na wageni wao. ANC ilipoondolewa marufuku kwao mwaka 1990 na safari za kurudi nyumbani zikaanza, baadhi ya familia ziliondoka pamoja. Nyingine zilibaki mama na watoto, na wapo kati ya watoto hao, sasa watu wazima, ambao hadi leo wanamtafuta baba. Mazimbu inazifahamu ahadi, Mheshimiwa.

Kuhusu mafanikio, tunayo mengi. Kikundi kimetekeleza mradi mkubwa wa mazingira kwa kupanda miti 60, ambapo 14 imestawi vizuri na mingine inasubiri uamuzi wa mbuzi. Tumeimarisha ushirikiano wa kimataifa: mgeni kutoka Johannesburg alifika akiulizia kaburi la kaka yake, na mwenyekiti wetu akamsindikiza hadi pale, akamshikia mwavuli mpaka alipomaliza kulia. Aidha, tumerekodi simulizi za wazee kwa simu ya katibu, simu ambayo imejaa.

Sasa, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa ruhusa yako tuje kwenye changamoto. Tunayo moja.

Kiti ulichokalia kilitengenezwa kwenye kile kiwanda cha samani cha Mazimbu, kilichoitwa kwa jina la Vuyisile Mini, mwanachama shupavu wa vyama vya wafanyakazi aliyenyongwa na makaburu Novemba 1964. Ukikigeuza utaona namba ya rangi nyeupe chini ya kibao. Tunaomba radhi kwa kuyumba kwake. Mguu wa nyuma wa kushoto umeliwa na mchwa. Kinahifadhiwa stoo kwa mwenyekiti, pamoja na magunia ya mahindi, madaftari ya wanafunzi wa zamani na picha ambazo unyevu umezigandanisha kiasi kwamba ukitaka kuona moja lazima uiharibu nyingine. Huko Afrika Kusini, Robben Island ni urithi wa dunia tangu 1999. Hatuombi makubwa kama hayo. Tunaomba paa.

Chumba chetu cha kumbukumbu kipo nyuma yako. Tofali tumefyatua wenyewe, msingi tumechimba wenyewe, na ukuta umefika kwenye linta. Hapo ndipo ukuta ulipokutana na ahadi. Mgeni rasmi wa kwanza aliahidi bati, tukapiga vigelegele. Aliyefuata alisema bati ni jambo dogo, tumwandikie barua. Tukaandika. Barua ikaelekezwa ofisi nyingine, ikarudi na mhuri mzuri sana. Wa tatu alikichangamkia chumba, akapigwa picha ndani yake akiwa ameshika tofali, akaondoka na nakala. Nakala yetu tunayo, maana kazi ya kikundi hiki ni kutunza kumbukumbu, na hatuchagui.

Wakati huo wote mvua za masika zimeendelea kushuka ukutani. Wazee wawili kati ya tuliowarekodi wametangulia mbele za haki. Mmoja wao alikuwa fundi mwashi, akatuachia pima maji aliyoitumia kwenye mabweni ya kwanza. Nayo iko stoo, juu ya mahindi.

Mahitaji ni bati 70, mbao za kenchi, misumari, mlango mmoja na madirisha mawili. Makadirio ni shilingi milioni 4 na laki 8, na wanakikundi wameshachanga laki 9. Hatuombi bati la msauzi, Mheshimiwa, ijapokuwa kama kuna mahali lingefaa ni hapa. La kawaida, geji 28, linatutosha.

Tunafahamu utasema umelipokea na utalifanyia kazi. Tunaomba, kwa unyenyekevu mkubwa, uongeze na tarehe. Fundi tumemwalika, amekaa safu ya nyuma mwenye kofia ya bluu, na futi kamba anayo mfukoni.

Naomba kuwasilisha.

Imeandaliwa na kamati ya kikundi na kusomwa na Katibu.