Fundi wa Changamwe, ahsante sana

Hukutaka jina lako litajwe, kaka, na sitalitaja. Lakini ulichonifanyia, watu wakijue.

Subaru Impreza yangu ya 2002 niliifunga turbo kubwa (pampu ya kusukumia injini hewa zaidi) na nozeli kubwa za kunyunyiza petroli, kompyuta ya injini ikabaki na hesabu za kiwandani. Ikawa inamwaga petroli kupita kiasi: moshi mweusi, plagi nyeusi tititi, na tukipanda mlima wa Mazeras injini inagonga, yaani petroli inalipuka vibaya ndani yake. Gereji mbili zilinila pesa, gari likarudi vilevile.

Wewe hukuikimbilia kompyuta. Kwanza ulijaza upepo kwenye mipira inayopeleka hewa kwenye injini, ukaipaka sabuni. Mmoja ukatoa mapovu pale kwenye klipu, kumbe unavuja. Ukaubana. Ndipo ukachomeka waya chini ya dashibodi, ukaiambia kompyuta ukubwa halisi wa nozeli, ukafunga kipimo cha oksijeni kwenye ekzosi kuona mchanganyiko wa hewa na petroli. Tukapanda Mazeras mara 4, mimi nakanyaga, wewe macho kwenye laptopu. Kwa mwendo wa taratibu, wewe uliweka hewa sehemu 14.7 kwa 1 ya petroli; turbo ikisukuma, karibu 11. Kila mara injini ilipogonga ulichelewesha kidogo moto wa plagi, maana joto letu la Pwani halina huruma kwa turbo.

Kilichonigusa zaidi: ulinieleza kila namba, ukanipa nakala ya faili, ukachukua pesa ya petroli tu.

Mafundi wengine, jamani, waonyesheni wateja mnachobadilisha. Nawe kaka, Mungu akuzidishie. Jumapili naleta biriani ya nyumbani, usiseme umeshiba.