Kura ya LC1: someni kabla ya kutuma picha nyingine

Wazee, akina mama na vijana wa mtaa, salaam. Tangu asubuhi nafuta humu kundini picha za "matokeo" ya LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa hapa Uganda. Matokeo gani, na kura haijapigwa? LC1 haina karatasi ya kura. Tunapanga mstari nyuma ya mgombea, watu wanahesabiwa mchana kweupe, mshindi anatangazwa palepale. Ukiletewa fomu ya siri kutoka Kampala, uliza mstari wake ulipangwa wapi.

Redio zitaendelea na habari za wabunge, kama kawaida yao. Lakini barua ya dhamana polisi, ya kufungua akaunti, ya kuuza kiwanja, hupigwa muhuri na LC1. Mkumbuke pia kwamba kati ya kura ya 2001 na ile ya 2018 hatukuwachagua hawa viongozi hata mara moja. Mwenyekiti akikalia kiti miaka 17, hata ule muhuri anauona urithi wa baba yake.

Ugomvi wa nani alisimama nyuma ya nani usiletwe humu. Sauti za "nimeambiwa na mkubwa fulani" nitazifuta bila kuuliza, za mzee au za kijana. Mwenye swali kuhusu daftari la wakazi anipigie, au apite dukani jioni.