Vidonge vya mitishamba vya njia ya haja kubwa: tuambiwe kilichomo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno kuhusu vidonge vya mitishamba vya kuingiza njia ya haja kubwa, ambavyo siku hizi vinanadiwa kuwa vinaponya mpasuko wa sehemu hiyo kwa siku chache na bila madhara yoyote, eti kwa kuwa ni vya asili. Ninaandika kama mtu aliyeugua maradhi hayo na kuvitumia vidonge hivyo, wala si kama adui wa mitishamba.

Mpasuko huo ni mchaniko mdogo kwenye ngozi laini ya mlango wa haja kubwa, mara nyingi upande wa nyuma, na husababishwa hasa na choo kigumu. Aliyewahi kuupata hahitaji kuelezwa: kujisaidia ni kama kukatwa na kipande cha chupa, na maumivu yanaweza kuendelea kwa saa kadhaa baada ya kutoka chooni. Maumivu hayo huufanya msuli wa ndani unaofunga mlango huo ukakamae, msuli ukikakamaa damu haifiki vizuri kwenye kidonda, na kidonda kisichopata damu ya kutosha hakifungi. Mgonjwa naye huanza kukiogopa choo, akakizuia, kikazidi kuwa kigumu, na siku kikitoka kinachana palepale.

Mimi nilikaa na hali hiyo miezi miwili. Mficha uchi hazai, lakini nani anapenda kuvua nguo mbele ya daktari kwa jambo kama hili? Nilivichagua vidonge vile kwa sababu hiyo tu, kwamba ningejitibu bila kuonwa na mtu. Boksi lilichorwa majani mabichi na kuandikwa "mchanganyiko wa mimea teule", basi. Hapakuwa na jina la mmea hata mmoja, wala kiasi chake, wala tarehe ya mwisho wa matumizi. Siku ya tatu nilianza kuwashwa na kuungua, na ngozi ya pembeni ikawa nyekundu na kutoa malengelenge madogo. Daktari aliyenipima baadaye alisema ni mzio, akaniuliza nimetumia nini. Nilimpa boksi. Aliligeuza pande zote, akanirudishia.

Ndipo aliponieleza jambo ambalo ningelifikiria mwenyewe kama nisingekuwa na haraka ya kupona. Kidonge cha namna hiyo huyeyukia ndani ya puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo, juu ya msuli, ilhali kidonda kipo chini, mlangoni. Kwa hiyo dawa hupita tu penye kidonda, na katika kupita hukikwaruza, kisha huenda kufanyia kazi mahali pengine. Ndiyo maana madaktari hupendelea mafuta ya kupaka pale pale palipochanika.

Wauzaji hupenda kusema kwamba kidonge hakipiti tumboni na kwa hiyo hakina madhara. Hoja hiyo haisimami. Ukuta wa puru una mishipa mingi ya damu, na sehemu ya kinachofyonzwa hapo huingia mwilini bila kupitia kwanza kwenye ini, kwa hiyo mjamzito, au mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, ana kila sababu ya kujua anaingiza nini. Hata jina la mmea peke yake halitoshi. Shubiri ina ute mweupe unaopoza ngozi, lakini utomvu wa njano ulio chini ya ganda lake unachoma na kuharisha, na vyote viwili vinatoka kwenye jani moja. Kitunguu saumu kikikaa juu ya ngozi huweza kuibabua. Isitoshe, wakaguzi wa dawa katika nchi mbalimbali wamewahi kukuta krimu zilizouzwa kama za mitishamba zikiwa na steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe na muwasho, ambazo hazikutajwa popote. Mgonjwa hupata nafuu ya haraka na kuisifu mizizi, huku ngozi yake ikizidi kuwa nyembamba.

Jambo la kuchekesha ni kwamba mmea ulionisaidia nilipewa na daktari huyo huyo, nao ni wa kunywa: maganda ya mbegu za isipagula, yanayofyonza maji na kulainisha choo. Pamoja nayo niliambiwa ninywe maji ya kutosha, nile gramu 25 hadi 30 za nyuzinyuzi kwa siku, na nikalie maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15 kila baada ya haja. Mipasuko mingi mipya hupona kwa njia hizo. Wangu ulikuwa umeshapita wiki 6, kwa hiyo niliongezewa mafuta ya gliserili trinitrati ya kulegeza msuli, ambayo yaliniumiza kichwa kweli kweli, lakini maumivu hayo yalikuwa yameandikwa kwenye karatasi ya dawa kabla sijayapata.

Kinachonitisha zaidi ni muda unaopotea. Damu chooni inaweza kuwa mpasuko au bawasiri, na inaweza kuwa saratani. Na mpasuko uliokaa ubavuni badala ya nyuma au mbele humfanya daktari atafute kifua kikuu, kaswende, virusi vya UKIMWI au ugonjwa wa Crohn, ambao ni uvimbe sugu wa utumbo. Kidonge kinachopunguza maumivu kwa mwezi mmoja huficha yote hayo.

Ombi langu kwa watengenezaji ni kwamba waandike majina ya mimea, kiasi chake na tarehe ya mwisho wa matumizi. Na kwako, Mhariri, naomba kwamba tangazo la vidonge hivi likifika mezani, dawati la matangazo limtake mwenye bidhaa aonyeshe orodha hiyo kabla halijachapishwa.

Wako,
Msomaji aliyepona