Barua kwa mwanangu: chombo chako kimetua ukurasa wa 5

Tandika, Dar es Salaam

Mwanangu Zuhura,

Salamu na dua. Nyumbani hatujambo, na bibi yako anakuombea heri ya mitihani. Kurasa nane za katuni yako zimefika, nimezisoma mara tatu, ya tatu nikiwa na rula mkononi. Hadithi ni nzuri mno, na ndiyo maana mengi nitakayoandika humu ni ya kurekebisha.

Nianze na chombo cha Mirihi kinachotua Kivukoni kando ya pantoni iliyojaa abiria. Huo ndio mchoro wako bora kuliko yote, nawe umeuweka ukurasa wa 5. Kijitabu kikifunguliwa, wa 4 na wa 5 hutazamana. Msomaji akifika wa 4, jicho limeshakimbilia chombo upande wa kulia kabla hajajua kwa nini abiria wanatazama juu. Jambo la kushtukiza likae ukurasa wa shufwa, 2, 4 au 6, ule unaoonekana baada ya kugeuza karatasi, na kiboksi cha mwisho cha ukurasa wa kabla yake kimtie hamu ya kugeuza.

Usiongeze ukurasa ili ukisukume chombo hadi wa 6. Kijitabu cha kukunja huenda kwa nne nne: karatasi moja ya A4 hutoa kurasa nne za A5. Zikiwa tisa, utalipia kumi na mbili na tatu zibaki tupu. Afadhali ubane wa 3 na wa 4 ziwe ukurasa mmoja. Foleni ya pantoni ina viboksi kumi na vitano vinavyosema neno moja, vitano vinatosha. Hapo chombo kinaingia wa 4, nawe unabaki na ukurasa mmoja wa akiba. Nina pa kuutumia.

Mhusika wako Mwanaidi yuko Mirihi, anaongea na mama yake Kigamboni kama watu wanaopigiana simu. Haiwezekani, mwanangu. Mawimbi ya redio huenda kilomita 300,000 kwa sekunde, na hata hivyo Mirihi ikiwa karibu kabisa yanachukua kama dakika 3 kufika. Ikiwa mbali, kama 22. Mama akiuliza “Umekula?”, jibu litamfikia baada ya dakika 6 kwa uchache, na siku nyingine hadi 44. Usilione hilo kuwa kikwazo, maana hadithi yenyewe imelala hapo. Swali liwe kiboksi cha mwisho cha ukurasa wa 5. Msomaji ageuze, akutane na kusubiri: viboksi sita vilivyolingana, mama yuleyule, kiti kilekile, redio ileile. Cha kwanza, chai inafuka mvuke. Cha tatu, mvuke umekwisha. Cha tano, nzi ametua ukingoni mwa kikombe. Cha sita: “Nimekula, mama.”

Sinema ingepata taabu hapo. Filamu hupita picha 24 kwa sekunde na mtazamaji hana usemi juu ya mwendo wake. Mkalishe mama kitini dakika nzima bila neno, banda umiza zima litapiga miluzi. Katunini muda uko mkononi mwa msomaji, anakawia anapotaka, anarudi nyuma anapotaka. Kwa hadithi za sayansi naiweka katuni juu ya sinema na juu ya sizoni za televisheni, na sababu ya pili ni fedha.

Tamthilia ya televisheni ya Star Trek ilianza kurushwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966, ile yenye mhusika Uhura aliyechezwa na Nichelle Nichols, na jina hilo limetokana na neno letu uhuru. Kuonyesha chombo kikitua sayari mpya kila wiki kungegharimu mno, wakabuni mtambo wa kumyeyusha mtu hapa na kumjenga upya kule. Fedha ziliokolewa, lakini waandishi wakajifunga wenyewe: steringi akizingirwa na maadui, kwa nini asivutwe tu arudi chomboni? Ndiyo maana mara kwa mara mtambo ule huharibika, au mawasiliano hukatika, wakati uleule unapohitajika. Naipenda tamthilia hiyo, ila kifaa kinachotatua kila kitu hula hadithi. Wewe karatasini, chombo cha anga na daladala la Mbagala vinakula wino sawa. Hakuna kinachokulazimisha kubuni mtambo wa kubana matumizi.

Kirudisha-wakati chako cha ukurasa wa 7 kina ugonjwa huohuo, tena kinachomoza siku ya shida tu. Ukiamua kibaki, kionyeshe ukurasa wa 2 kikiwa mezani, na kiwe na mpaka wake: kinarudisha dakika tatu, mara moja tu, na anayekitumia anazisahau. Mpaka huo usiuvunje mahali popote. Mimi ningekiondoa.

Sauti zote umeandika BUUM. Kiswahili kinajua kwamba kitu kikianguka majini ni chubwi, mchangani tifu, sakafuni puu. Kwa chombo chako CHUBWI ijae upana wa ukurasa. Ila mlipuko wa anga za juu, ukurasa wa 1, futa herufi zote. Kule hakuna hewa ya kubeba sauti. Kiboksi cheusi tii kitatisha zaidi.

Maneno yetu ni marefu, kwa hiyo andika kwanza, kiputo cha maneno ukizungushie baadaye. “Nitakapokurudishia” haliingii kwenye kiputo chembamba. Ukilazimika kulikata, kata mwisho wa silabi, nitakapo-kurudishia. Anayeanza kusema kiputo chake kikae juu kushoto. Ukurasa wa 3 nahodha wa pantoni anajibu kabla hajaulizwa.

Chora kwenye A4, steshenari wakupunguzie kwa asilimia 71 iwe A5. Herufi za milimita 4 zitabaki karibu 2.8, zinasomeka, zako za milimita 2 zitakuwa sisimizi. Watu wachore kwa kalamu nyeusi ya milimita 0.5, mipaka ya viboksi 0.8. Mstari wa 0.1 hupotea kwenye fotokopi, na kivuli cha penseli hutoka madoa. Wino ukauke kabisa kabla ya kufuta penseli, hasa wakati wa masika.

Wakati wa kutoa nakala, kurasa zipangwe hivi. Karatasi ya kwanza: mbele ukurasa wa 8 kushoto na wa 1 kulia, nyuma 2 na 7. Ya pili: mbele 6 na 3, nyuma 4 na 5. Waambie watu wa steshenari wageuze karatasi kwa ubavu mfupi, la sivyo nyuma itatoka kichwa chini. Pini mbili za stepla kwenye mkunjo.

Nimetia kalamu mbili humu kwenye bahasha. Nitumie kwanza ukurasa wa 6, hata kama ni penseli tupu. Nataka kumwona yule nzi.

Mama yako