Vitamini kabla ya upasuaji wa utumbo: damu ipimwe kwanza

Kwa Mhariri,

Mtu akishaambiwa ana saratani ya utumbo mpana na kupewa tarehe ya upasuaji, jamaa huanzisha mchango, na sehemu ya fedha za mwanzo huishia kwenye duka la dawa. Hununuliwa chupa ya multivitamini, vitamini C ya kuyeyusha majini, mafuta ya samaki, na mara nyingi kopo la unga kutoka kwa muuzaji aliyeahidi kuwa utasafisha damu na kupandisha kinga. Nia ni njema, na hatumlaumu yeyote. Lakini sisi tunaoshughulikia lishe na dawa za wagonjwa wa upasuaji hapa Nairobi tunaona kila wiki fedha zikienda kwenye chupa huku upungufu wenyewe ukiachwa bila tiba. Vitamini anayohitaji mgonjwa huyu inategemea mambo matatu: vipimo vya damu yake, kipande cha utumbo kitakachokatwa, na dawa atakazopewa baada ya kupona kidonda.

Tuanze na madini ya chuma. Si vitamini, ila ndiyo upungufu tunaoukuta zaidi, hasa uvimbe unapokuwa upande wa kulia wa utumbo, ambako damu huvuja kidogokidogo kwa miezi bila kuonekana kwenye choo. Kupima hemoglobini peke yake hakutoshi. Feritini, protini inayoonyesha akiba ya chuma mwilini, ipimwe pia. Ikiwa chini ya nanogramu 30 kwa mililita mgonjwa ameishiwa na chuma, na kwa kuwa saratani huleta mchochota (inflamesheni) mwilini unaopandisha feritini, hata iliyo chini ya 100 inaweza kuficha upungufu. Upasuaji ukiwa mbele kwa wiki sita au nane, vidonge vinatosha: kimoja cha ferasi salfeti cha miligramu 200, chenye takriban miligramu 65 za chuma, mara moja kwa siku au siku moja baada ya nyingine. Kumeza vitatu kwa siku hakuharakishi kitu. Dozi moja huamsha homoni ya ini inayofunga mlango wa chuma kwa takriban saa 24, kwa hiyo dozi zinazofuata hubaki tumboni zikileta kichefuchefu na kufunga choo, na mgonjwa huacha dawa zote.

Kisha kuna chai. Kidonge cha chuma kinachomezwa na chai ya maziwa ya asubuhi kinapoteza sehemu kubwa ya kazi yake, maana majani ya chai na kalsiamu ya maziwa vyote huzuia chuma kuingia mwilini. Kimezwe kwa maji, tumbo likiwa tupu, pamoja na kipande cha chungwa, na chai isubiri saa moja au mbili. Choo kitakuwa cheusi. Mgonjwa aelezwe mapema asije akadhani anavuja damu upya. Na kama ana kolonoskopi, yaani kipimo cha kamera ndani ya utumbo mpana, asitishe vidonge siku saba kabla, kwa sababu choo cha chuma hugandia ukuta wa utumbo na daktari haoni vizuri.

Muda ukiwa mfupi, au vidonge vikimshinda, kuna chuma cha kupitia mshipani, kinachotolewa hospitalini huku mgonjwa akiangaliwa kwa nusu saa baadaye kwa hofu ya mzio. Tuseme ukweli kuhusu mipaka yake. Utafiti wa Uingereza uitwao PREVENTT, uliochapishwa 2020, uliwapa wagonjwa wa upasuaji mkubwa wa tumbo chuma cha mshipani kati ya siku 10 na 42 kabla. Hemoglobini ilipanda, lakini waliohitaji kuongezewa damu au waliofariki hawakupungua. Ndiyo maana tunasisitiza upungufu utafutwe siku ya kwanza ya kliniki, si wiki ya upasuaji.

Jambo linalotutia hofu kuliko yote ni vitamini B1, thiamini. Mgonjwa ambaye utumbo wake umezibwa na uvimbe anaweza kufika hospitalini akiwa ametapika kwa siku kadhaa na hajala kitu. Akiba ya thiamini mwilini ni ndogo na huisha ndani ya wiki chache. Akitundikiwa dripu ya glukosi kabla ya thiamini, mwili hutumia ile iliyobaki kuchoma sukari hiyo, na ubongo unaweza kudhurika: macho kuchezacheza, kuyumba, kuchanganyikiwa. Papo hapo fosfeti, potasiamu na magnesiamu hukimbilia ndani ya seli na kushuka kwenye damu, na moyo unaweza kupoteza mapigo yake. Walio hatarini ni waliokaa zaidi ya siku tano bila chakula cha maana, waliopungua zaidi ya asilimia 10 ya uzani kwa miezi mitatu hadi sita, na wanywaji wa pombe, hasa mambo haya yakikutana kwa mtu mmoja. Hawa wapewe thiamini kabla ya chakula au glukosi, kwa kawaida miligramu 200 hadi 300 kwa siku, kwa sindano ikiwa hawawezi kumeza. Chakula kianze kidogo, kama kilokalori 10 kwa kila kilo ya uzani kwa siku, na madini hayo matatu yapimwe kila siku. Thiamini ni dawa ya bei nafuu. Jamaa wana haki ya kuuliza kama imeandikwa kwenye chati.

Baada ya upasuaji swali huhamia kwa vitamini B12. Hii hufyonzwa karibu yote mahali pamoja, sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, pale unapoungana na utumbo mpana. Anayekatwa upande wa kushoto au rektamu, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, habadiliki sana kwa hilo. Anayekatwa upande wa kulia hupoteza kipande cha mwisho huo pia. Kwa kawaida ni sentimita chache na madhara hayaonekani, lakini kikizidi sentimita 20 B12 ifuatiliwe, na kikizidi 60 sindano huwa za maisha: miligramu 1 ya haidroksokobalamini kwenye msuli kila miezi miwili au mitatu. Tatizo ni kwamba ini huhifadhi B12 ya miaka kadhaa. Upungufu hujitokeza mgonjwa akishamaliza kliniki za saratani na hakuna anayekumbuka alikatwa nini. Anayemeza metformini kwa ajili ya kisukari hufika huko mapema zaidi.

Hapa ndipo makosa huzaliana. Mgonjwa anakuja akilalamikia ganzi na mchomo nyayoni. Anaambiwa ni dawa ya kemotherapi, oxaliplatin, na ni kweli dawa hiyo huharibu neva hivyo hivyo. B12 haipimwi. Anapewa vidonge vya mchanganyiko wa B1, B6 na B12 vinavyouzwa kila duka la dawa mjini, na vingine vina miligramu 100 hadi 200 za B6 katika kidonge kimoja. B6 ya kiwango hicho, ikimezwa kwa miezi, yenyewe huleta ganzi ya miguu. Anazidi kuumwa, anaongezewa vidonge. Tafadhali, mwenye ganzi apimwe B12 kwanza, na asome lebo ya kila anachomeza.

Asidi ya foliki nayo ina njia mbili za kudhuru. Ikimezwa peke yake na mtu aliyeishiwa na B12, inarekebisha damu huku neva zikiendelea kuharibika kimyakimya. Na kwa anayemeza capecitabine au kutundikiwa fluorouracil, dawa za kemotherapi za saratani hii, folati (jamii ya asidi ya foliki) huipa dawa hiyo nguvu kupita kiasi: kuhara, vidonda vya mdomo, viganja na nyayo kuwa vyekundu na kuchubuka. Madaktari wenyewe hutumia jamii ya folati kwa makusudi kuongeza makali ya fluorouracil, lakini kwa kipimo walichokokotoa. Vidonge vya chuma vya wajawazito, ambavyo watu wengi hupeana nyumbani kama dawa ya kuongeza damu, vina asidi ya foliki ndani. Daktari wa saratani asipoambiwa, ataona kuhara na kupunguza dozi ya kemotherapi bila kujua chanzo.

Nyingine tuzipitie haraka. Vitamini E ya kiwango kikubwa huweza kuongeza kutokwa damu, na mafuta ya samaki hushukiwa vivyo hivyo. Daktari wa upasuaji aambiwe mapema, na vitamini E isimamishwe wiki mbili kabla. Vitamini C ya dripu, inayouzwa ghali, ilijaribiwa nchini China pamoja na kemotherapi kwa saratani ya utumbo iliyosambaa, na matokeo ya 2022 hayakuonyesha kuwa ilichelewesha ugonjwa. Kwa mtu mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao upo katika maeneo yetu yenye malaria, dripu hiyo inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Inaweza pia kuifanya glukomita, mashine ndogo ya kupimia sukari ya damu, isome sukari ya juu isiyokuwepo, na mtu akachomwa insulini asiyoihitaji. Biotini, vitamini inayouzwa kwa ajili ya nywele na kucha, huvuruga baadhi ya mashine za maabara na kushusha usomaji wa CEA, kipimo kinachotumika kufuatilia kama saratani imerudi. Iachwe siku mbili au tatu kabla ya kutolewa damu. Vitamini D, anayepungukiwa apewe. Utafiti wa AMATERASU wa Japani, 2019, uliwapa waliopasuliwa saratani za njia ya chakula yuniti 2,000 kwa siku, na tofauti ya kurudi kwa ugonjwa haikutosha kuwa ushahidi.

Fedha za mchango zinunue protini. Mgonjwa wa kilo 60 anahitaji gramu 72 hadi 90 kwa siku ili kidonda kiunge. Yai moja lina gramu 6, glasi ya maziwa 8, gramu 100 za samaki au nyama iliyopikwa takriban 25. Ambaye utumbo wake umebanwa asipewe maharagwe, sukuma wiki wala githeri. Apewe uji laini wa maziwa, mayai, mala na samaki aliyetolewa miiba, chakula kidogo mara sita kwa siku.

Tunaziomba hospitali zote za jiji, za umma na za binafsi, ziongeze mistari miwili kwenye fomu ya kumruhusu mgonjwa kwenda nyumbani: sentimita ngapi za mwisho wa utumbo mwembamba zimeondolewa, na tarehe ambayo B12 ipimwe. Nao jamaa, siku ya kliniki ya kwanza, watie kila chupa na kila pakiti ya nyumbani kwenye mfuko mmoja, za mitishamba zikiwemo, wampe mfamasia azisome moja moja.

Wataalamu wa lishe na famasia,
Nairobi