Mwanasiasa akisema "Katiba inasema", chapeni na ibara yenyewe

Mhariri, salamu toka huku Mbeya. Hapa kijiweni Mwanjelwa ubishi siku hizi ni mmoja tu, hawa wanasema Katiba isomwe kama ilivyoandikwa, kitu kisipotajwa serikali haina ruhusa, wale wanasema isomwe kwa lengo lake, na kila mtu anaongea kama vile ubishi wenyewe umezaliwa jana hapa Tanzania. Naomba nafasi kidogo maana hili jambo linaniuma.

Marekani waligombana hivyo hivyo Katiba yao ikiwa bado changa. Mwaka 1791 Alexander Hamilton, waziri wa fedha, alitaka benki ya taifa yenye mtaji wa dola milioni 10. Thomas Jefferson, waziri mwenzake wa mambo ya nje, akagoma, na James Madison naye akapinga bungeni, wakasema soma mwanzo mpaka mwisho hakuna mahali Bunge limeruhusiwa kuanzisha benki. Katiba ilisema Bunge litatunga sheria za lazima na zinazofaa ili kutekeleza kazi zake, Jefferson akang'ang'ania hapo kwenye lazima, kwamba kodi inakusanyika hata bila benki kwa hiyo benki sio lazima. Hamilton akajibu ukipewa kazi umepewa na nyenzo za kuifanyia, ilimradi Katiba haijazikataza. Rais Washington akasaini, na ugomvi ule ukachangia sana kuzaa vyama vyao vya kwanza, Federalist cha kina Hamilton na Republican cha kina Jefferson.

Sasa hapa ndo penyewe. Jefferson akawa rais, na 1803 Ufaransa ikakubali kumuuzia Louisiana kwa dola milioni 15, eneo lililofanya nchi yao iwe kubwa karibu mara mbili. Katiba haikusema popote kwamba serikali inaweza kununua ardhi ya nchi nyingine, na mwenyewe alilijua hilo, mpaka akaandika rasimu ya kuirekebisha, halafu akaona akichelewa Napoleon, mtawala wa Ufaransa, anaweza kughairi, akaiweka rasimu pembeni na mkataba ukapita Seneti. Federalist, walewale walioitanua Katiba kwa ajili ya benki, sasa wako nje ya madaraka wakaanza kulalamika kwamba mambo ya Louisiana hayamo kwenye Katiba! Na Madison aliyeikataa benki 1791 ndo huyohuyo aliyesaini benki ya pili 1816 akiwa rais. Sisemi walikuwa watu wabaya, benki ya kwanza ilikuwa imeshaisha muda wake, na vita ya 1812 ilimwonyesha Madison serikali inavyohangaika na hela bila benki, ila ibara walizokuwa wanabishania zilikuwa zilezile, kilichobadilika ni nani yuko ikulu.

Na sisi tunayo yetu, ya Mchungaji Christopher Mtikila, mwanasiasa aliyeenda mahakamani kudai mtu aruhusiwe kugombea bila chama. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ilisema mgombea binafsi ruksa kwa sababu kila raia ana haki ya kushiriki uongozi wa nchi yake, Bunge likabadilisha Katiba likafunga mlango, 2006 Mahakama Kuu ikamkubalia tena, 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni la Bunge sio la mahakama, na 2013 Mahakama ya Afrika pale Arusha ikampa ushindi. Mtikila ameshafariki, na ibara ya 39 na ya 67 bado zinataka mgombea awe wa chama. Hapo kijiweni wanaobishana kwa sauti kubwa kabisa hawajawahi kuzisoma hizo ibara, na siwalaumu, gazeti moja linazunguka kwa watu kibao na ndani yake kuna kauli za viongozi tu.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni moja. Mwanasiasa yeyote akisema Katiba inaruhusu au inakataza, chapeni ibara nzima pembeni ya habari yake, na kama alishawahi kusema kinyume akiwa upande wa pili wekeni na kauli hiyo na tarehe yake.

Msomaji wenu,
Mwanjelwa, Mbeya