Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Usafiri wa Anga: anayeanza kurusha droni akajifunzie wapi?

Kwako Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: MWONGOZO NA UWANJA WA MAZOEZI KWA WANAOANZA KURUSHA DRONI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Hii ni barua yetu ya tatu yenye kichwa hichohicho. Mbili za mwanzo ziligongwa muhuri wa kupokelewa, na nakala zenye muhuri tunazo. Majibu ndiyo hatunayo. Kwa kuwa za bahasha zimeshindwa kufika mezani kwako, hii tumeiacha wazi, kila mwenye macho asome.

Kilichotuondolea subira ni droni iliyodondoka Jumamosi iliyopita kwenye maegesho ya magari nje ya uwanja wa mpira. Kwa bahati hakuna aliyeumia. Kabla jua halijazama, ofisi yako ilikuwa imeshatoa tangazo: kurusha droni bila kibali ni kosa, chanzo cha tukio ni uzembe, na wahusika watachukuliwa hatua kali. Hongera kwa kasi hiyo. Kumbe kalamu ipo na wino upo. Mwongozo wa wanaoanza, ulioahidiwa na ofisi hiyohiyo miaka miwili iliyopita, bado uko "katika hatua za mwisho". Mwaka jana pia ulikuwa katika hatua za mwisho.

Tuanze na huo uzembe. Video iliyosambaa tumeitazama mara nyingi, tukiisimamisha na kuirudisha nyuma. Kumbukumbu ya safari iliyobaki ndani ya droni hatujaiona, kwa hiyo tunayosema ni makisio. Ila si makisio ya kubahatisha.

Kijana anaiweka droni juu ya boneti la gari, anaiwasha, anapaa. Hapo ndipo kosa lilipo, wala hakulijua. Droni hutambua mahali ilipo kwa GPS, lakini upande ilikoelekea hutambua kwa dira ndogo ya umeme iliyomo ndani yake. Dira hiyo hudanganywa na chuma kama dira nyingine yoyote: bodi ya gari, nondo zilizozikwa kwenye zege, mfuniko wa chuma wa chemba, hata spika yenye sumaku iliyoachwa karibu. Ikidanganywa wakati wa kuwashwa, droni hupaa ikiamini kaskazini iko pengine. Upepo ukiisukuma kidogo, inajisahihisha kwa kwenda upande usio wenyewe, GPS inalalamika, inajisahihisha tena, inakosea tena. Matokeo yake inazunguka duara, na kila duara ni pana kuliko lililotangulia. Ndicho kinachoonekana kwenye video, kuanzia mzunguko wa pili.

Kinga yake haina gharama. Paa kutoka chini, juu ya kipande cha turubai au mkeka, hatua 10 au zaidi kutoka kwenye gari na ukuta wa zege. Subiri mpaka programu ya droni kwenye simu au rimoti iseme imeshika satelaiti za kutosha na imehifadhi mahali pa kurudi. Panda mita 2, achia vijiti vyote, hesabu nusu dakika. Droni isiyo na hitilafu hutulia palepale. Ikianza kuserereka au kuzunguka, shusha upesi, hamia mahali pengine, ilinganishe dira upya.

Kijana alipoona inazunguka akafanya ambalo tangazo la dukani humwambia afanye: akabonyeza kitufe cha kurudi nyumbani. Kitufe hicho kina siri mbili. Kwanza, droni nyingi zikiwa mbali hupanda kwanza hadi kimo kilichowekwa kwenye programu, ndipo hurudi kwa mstari ulionyooka. Kimo hicho kikiwa chini ya mlingoti wa taa za uwanja, mlingoti ndio utakaoipokea, na Jumamosi ndivyo ilivyokuwa. Pili, kurudi huko hutegemea dira ileile iliyokwisha kuharibikiwa. Kumbebesha kipofu taa hakumfanyi aone njia. Kilichotakiwa ni kuishusha taratibu kwa vijiti kwenye nafasi tupu iliyo karibu, hata kama ni shambani, hata kama miguu ya droni itavunjika.

Kimo cha kurudi huwekwa kabla ya kupaa: tazama kitu kirefu kuliko vyote hapo ulipo, ongeza mita 20, bila kuvuka ukomo wa kisheria. Chini ya mti au paa kitufe hicho usikiguse, maana jambo la kwanza kitakalofanya ni kuipandisha. Wala usizitegemee kamera za kukwepa vizuizi. Hazioni waya wa umeme, hazioni tawi jembamba, na kioo kwao ni hewa. Kwenye droni nyingi, ukiweka hali ya kasi, kamera hizo huzimwa kabisa.

Sasa, Mheshimiwa, huo ni uzembe wa nani? Makosa mawili, na yote yangezuiwa na karatasi moja. Kama kinachochelewesha mwongozo ni ugumu wa kuuandika, tunakuandikia sehemu nyingine hapahapa, bure. Muhuri utaweka mwenyewe.

Propela ziko nne na hazifanani. Mbili huzunguka kama mishale ya saa na mbili kinyume chake, na kila moja ina alama inayolingana na mota yake. Ukizichanganya, droni hupinduka kichwachini papo hapo inapojaribu kupaa. Kabla ya kila safari pitisha ukucha kwenye ukingo wa kila propela. Ukikwama kwenye pengo, hata dogo kama mbegu ya ufuta, badilisha. Usigundishe kwa gundi: propela iliyopoteza uwiano hutikisa mwili mzima, picha hucheza kama uji, na vihisi vinavyoiweka sawa hupokea kelele badala ya habari.

Vijiti. Rimoti nyingi huja katika mpangilio unaoitwa modi 2: kijiti cha kushoto hupandisha, hushusha na hugeuza pua, cha kulia huipeleka mbele, nyuma na pembeni. Mtego uko pua inapomgeukia mrushaji, kwa sababu kushoto kwa droni kunakuwa kulia kwake. Wengi huvunja droni ya kwanza hapo, kwa mkono uliokuwa na nia njema. Kwa hiyo mazoezi yawe na ngazi. Betri ya kwanza yote, mkia umwelekee mrushaji, mita 2 juu, atulie tu. Chini ya mita 1 hewa inayogonga ardhi hurudi na kuiyumbisha, basi asikae hapo. Betri ya pili, mraba wa mita 10 kila upande, mkia bado unamwelekea. Kisha mraba uleule akigeuza pua kila kona, kisha njia yenye umbo la namba nane. Pua kumtazama ni somo la mwisho, na lina ujanja mmoja ambao haumo kwenye vijitabu vya dukani: ikianza kuangukia upande fulani, peleka kijiti cha kulia upande huohuo inakoangukia, kana kwamba unaitegea mkono. Mwili unajifunza haraka kuliko kichwa. Anayetaka kuvunja droni za bure avunje za kwenye kompyuta. Programu za kuigiza urushaji zipo, na saa chache humo huokoa propela nyingi.

Kushuka nako kuna hila. Ukiishusha wima na kwa haraka, inaingia kwenye hewa iliyoivuruga yenyewe, inaanza kutetemeka, na ukiongeza nguvu inazidi kuzama. Isukume mbele au pembeni itoke kwenye hewa hiyo. Shuka kwa mshazari, kama mtu anayeshuka ngazi.

Betri ndiyo inayoua droni nyingi, na mara nyingi upepo ndio msaidizi wake. Seli moja ya kawaida ya lithiamu iliyojaa ina volti 4.2. Asilimia zinazoonyeshwa kwenye skrini zinapungua polepole mwanzoni, kisha zinaporomoka mota zikidai nguvu nyingi. Anayeanza ageuze kurudi ikifika asilimia 40, na iwe chini kabla ya 25. Akichelewa sana, droni nyingi huamua zenyewe kutua palepale zilipo, iwe ni barabarani au mtoni. Mwanzo wa safari uwe wa kukabili upepo, ili kurudi kuwe kwa kusukumwa. Afanyaye kinyume hufurahia mwendo wa kwenda na kulipia wa kurudi, tena upepo wa mita 60 juu si huu unaotikisa majani hapa chini. Betri ya kuhifadhi iachwe nusu, kama volti 3.8 kwa seli, isijazwe na kusahauliwa kabatini. Ichajiwe ikiwa imepoa, juu ya sakafu ya zege, kukiwa na mtu. Iliyovimba haitobolewi, haibanwi irudi, hairushwi.

Juu ya maji, kamera zinazotazama chini ili droni itulie huchanganyikiwa, kwa kuwa mawimbi yanacheza na mwanga unarudi; kaa juu kidogo. Antena za rimoti usizinyooshe ncha kuelekea droni, maana ncha ndiyo yenye mawimbi dhaifu; geuza ubavu. Helikopta ikisikika, shuka mara moja, usisubiri kuiona.

Yaliyobaki unayajua kutuzidi: katika nchi nyingi ukomo ni mita 120, na droni isitoke machoni mwa mrushaji. Sheria hiyo ya macho haikuwekwa kwa kuwaonea watu. Tarehe 9 Januari 2025, Los Angeles ikiungua, mrushaji mmoja aliipeleka droni yake zaidi ya kilomita 2 kutazama moto, akaipoteza machoni, ikatoboa bawa la ndege iliyokuwa ikizima moto huo. Ndege ikatolewa kazini ikafanyiwe matengenezo, moto ukiendelea. Mwanafunzi akielezwa hilo mara moja halisahau. Uingereza na Umoja wa Ulaya wameweka mtihani wa maswali 40 kwenye mtandao. Marekani wana mtihani wa bure kwa wanaorusha kwa burudani, na ukikosa swali unaelezwa kwa nini, kisha unajibu tena. Ofisi yako iliahidi mtihani wa namna hiyo, pamoja na mwongozo, pamoja na uwanja. Tulipiga makofi siku ile. Makofi yale tungependa turudishiwe.

Tulichopata badala yake ni fomu. Fomu ya kibali inamtaka mwombaji aonyeshe saa 10 za uzoefu wa kurusha. Saa hizo azipate wapi bila kibali, fomu haisemi. Dirisha la kwanza linasema wa burudani waende dirisha la tatu. La tatu linasema linahudumia wa biashara tu. Shuleni mlinzi anatufukuza, kwenye bustani ya umma askari anadai kibali ambacho dirisha la tatu halitoi, na mtu akienda porini peke yake anakosa wa kumwangalizia anga. Mwishowe wanaoanza huenda mahali pasipo mwenyewe: maegesho ya magari siku isiyo na mechi, penye mabati, nondo na milingoti ya taa. Hatusemi kijana yule hana kosa. Tunasema alikwenda mahali pekee palipobaki, na hapakufaa.

Kwa hiyo tulikuwa na maombi matatu: mwongozo, mtihani, uwanja. Mwongozo tumekwisha kukuandikia nusu, na nusu nyingine tutamaliza wiki hii ukitaka. Mtihani unaweza kusubiri, tumezoea. Limebaki moja.

Tunaomba uwanja. Mita 100 kwa 100 zinatosha, mbali na njia za ndege kutua na kupaa, pasipite waya wa umeme juu yake wala barabara kando yake, ardhi isiyo na zege wala uzio wa chuma karibu na pa kupaia. Iwe asubuhi tu kama mchana hauwezekani, kabla upepo haujaamka. Kama mita 100 ni nyingi, tupe 60 kwa 60. Mraba wa mita 10 unaingia humo, namba nane inaingia, na nafasi ya kukosea inabaki. Nyasi tutafyeka wenyewe. Ubao wa maelekezo tutauchora wenyewe, na jina la ofisi yako tutaliandika juu kabisa, kwa herufi kubwa.

Tunaomba uwanja, Mheshimiwa.

Wako watiifu,
Warushaji wa droni kwa burudani

Nakala: Jalada lenye barua zetu mbili za mwanzo, popote lilipo